Rekodi za vituo vya maji zirudi Ngara na Biharamulo
Mashindano ya DrivenData, yaliyotumia takwimu za Wizara ya Maji ya Tanzania na jukwaa la Taarifa, yaliwapa washiriki wa nchi mbalimbali rekodi 59,400 za vituo vya maji, vikiwemo vya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, ili wabashiri kipi kinafanya kazi, kipi kinahitaji matengenezo na kipi kimekufa. Hiyo ndiyo sayansi ya data, yaani kuzichambua takwimu nyingi kwa hesabu na kompyuta. Anayejua bomba gani hukauka kiangazi, hata hivyo, ni mwanafunzi wa Rulenge wilayani Ngara au wa Nyakahura wilayani Biharamulo, naye akiongozwa na mwalimu wake anastahili kuzihakiki rekodi hizo, kama wanafunzi wa vyuo vikuu walivyochora ramani za maeneo ya mafuriko jijini Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ili halmashauri ijue fundi aanzie wapi.