Maandishi ya Kichina na ya Kijapani Si Mamoja

Mara kwa mara husikika mtu, na wakati mwingine ni mtumishi wa umma, akitazama kibao cha duka au sanduku la mashine akakata shauri: "Hayo ni ya Kichina." Ikiwa mwenye maandishi ni Mjapani, na yupo hapo, tumekwisha mvunjia heshima.

Sisi Wazanzibari hatuna udhuru katika jambo hili. Kwa karne nyingi Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mgeni akiuona utenzi wetu katika herufi hizo akauita Kiarabu, sote tutamsahihisha. Tusimtendee mwenzetu tusilopenda kutendewa.

Ni kweli kwamba Wajapani walichukua herufi kutoka China, na hadi leo wanazitumia. Lakini wana pia namna mbili zao wenyewe, hiragana na katakana, kila moja ina herufi za msingi 46. Hiragana imepindapinda kwa ulaini. Katakana ni mistari michache yenye pembe, na aghalabu huandikiwa maneno ya kigeni. Kibao kilichochanganya herufi hizo nyepesi na zile nzito ni cha Kijapani. Chenye herufi nzito tupu huenda ni cha Kichina. Lakini lipo pia duka la Kijapani liandikalo jina lake hivyo, na hapo kuuliza si ujinga. Viduara vikionekana ndani ya herufi, hicho ni Kikorea.

Hata herufi za asili moja zimeachana. Tangu 1956 China imerahisisha herufi nyingi. Ile ya "dawa" katika duka la Beijing haina tena umbo la ile ya Tokyo. Maana nazo hutofautiana: herufi za "mkono" na "karatasi" zikiandikwa pamoja, kwa Mjapani ni barua; kwa Mchina ni karatasi ya chooni.

Madaktari wa China wanatuhudumia tangu 1964. Japani nayo imetusaidia kujenga soko la samaki la Malindi. Marafiki hawa hawafanani, na kila mmoja ana jina lake.

Tunawanasihi wahusika wa bandari, hospitali na mapokezi ya wageni: kabla ya kumwita mfasiri, hakikisheni ni wa lugha gani. Maelezo ya dawa yakipelekwa kwa asiyeyajua, atakayeumia ni mgonjwa. Usilolijua ni usiku wa giza.