Samaki Wako Akiwa Mja Mzito

Mama mpenzi, kama nyumbani kwenu mna tangi la kioo lenye samaki, huenda mtoto wako amekwisha kukujia mbio jikoni akisema, "Mama, njoo uone, samaki amezaa!" Na kabla hujafuta mikono anarudi analia: "Mama, anawala watoto wake!" Mwezi huu tuzungumze namna ya kumtunza samaki mja mzito ili watoto wake wapone, na ili nawe uwe na jibu la kumpa mwanao.

Samaki wengi hutaga mayai. Lakini gapi, yule mdogo ambaye dume lake lina mkia mpana wenye rangi nyingi, huzaa watoto walio hai. Asili yake ni vijito vya Trinidad, Venezuela na nchi jirani. Mayai hukaa tumboni mwa mama, na kila mtoto hulishwa na kiini cha yai lake mpaka azaliwe. Mimba huchukua kama majuma manne. Maji yakiwa baridi hukawia zaidi. Tena, jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo usishangae ukinunua jike mmoja tu, bila dume, naye akazaa zaidi ya mara moja.

Utamtambuaje? Tazama nyuma ya tumbo, karibu na mkia, utaona doa jeusi. Siku zikikaribia, doa hukolea, tumbo hujaa hata likaonekana kama lina pembe, naye hujitenga na wenzake. Wengine hukataa chakula.

Hapo ndipo wengi wetu huingiwa na haraka. Tunachukua wavu, tunamkimbiza tangi zima, kisha tunamfungia katika kisanduku kidogo cha kuzalia. Kumbe hofu hiyo yaweza kumfanya azae kabla ya wakati, au hata afe pamoja na mimba yake. Ni heri kumwacha alipo na kuwaandalia watoto mahali pa kujificha.

Weka mimea laini ya majini kwa wingi, hasa karibu na uso wa maji. Kama hupati mimea, chukua nyuzi za kufumia sweta, zile za nailoni, si za sufu. Zichemshe mpaka zisitoe rangi tena, zisuuze vizuri bila sabuni, uzifunge kama fundo la ufagio kwenye kizibo kinachoelea. Watoto watajificha humo. Ikiwa una mashine ya kuchujia maji, funika mdomo wake kwa kipande cha stokingi safi ili isiwavute.

Sasa lile swali la mtoto. Twasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini gapi hamjui mwanawe. Aonapo kitu kidogo kinachocheza majini, kwake ni chakula sawa na kiluwiluwi cha mbu. Kijitoni watoto hukimbilia majanini. Katika tangi tupu hawana pa kwenda. Mweleze mwanao kwamba samaki huyo si mkatili, na kwamba kazi ya kuwapa watoto kimbilio ni yetu tuliomweka ndani ya kioo. Mlishe mama vizuri pia, maana mwenye njaa huwala zaidi.

Mama mchanga huweza kuzaa wachache tu. Aliyekomaa huzaa 20 hadi 50, na pengine zaidi. Wakizaliwa tu wanaogelea. Wape chakula cha wakubwa ulichokisaga kwa vidole mpaka kiwe unga, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Kiini cha yai lililochemshwa nacho chafaa, lakini kisizidi ukubwa wa kichwa cha pini, kwani mabaki yake huoza upesi.

Maji machafu huua vifaranga wengi. Kila juma toa kama robo ya maji na kuweka mengine. Yale ya bomba yana klorini inayounguza mashavu ya samaki. Yaache katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki. Joto linalowafaa ni sentigredi 24 hadi 27. Dar es Salaam na Mombasa ni nadra kusumbuka na baridi, lakini Arusha, Nairobi au Mbeya, usiku wa Juni na Julai, utahitaji kifaa cha kupasha maji joto.

Wakifikia majuma manne hadi sita, watenge majike na madume, la sivyo nao wataanza kuzaana. Dume utalijua kwa pezi la chini ya tumbo, ambalo huwa jembamba kama kijiti. La jike hubaki kama kipepeo kidogo. Kwa wakubwa, dume mmoja kwa majike wawili au watatu yatosha, maana madume hawampi jike nafasi ya kupumua.

Wakiwa wengi kupita tangi lako, wagawie majirani au uwarudishe dukani. Usiwamwage mtoni, ziwani wala mferejini. Gapi huzoea upesi mahali pageni, akawanyang'anya samaki wa asili chakula na kula mayai yao.

Basi mpe mwanao kazi ya kufunga nyuzi zile leo, kabla doa halijakolea. Siku ya kuzaliwa ikifika, mwache ahesabu mwenyewe vifaranga waliojificha.