KOMPYUTA NA KISIMA: TUKUMBUKE YA MWAKA 1974

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji wote,

Katika mkutano uliopita palitokea mabishano makali. Vijana wetu walisema chama chetu cha ushirika kinunue kompyuta, maana hata serikali siku hizi inafanya kazi zake kwa kompyuta. Akina mama wakajibu: pampu ya kisima imekufa, watoto wanaharisha kwa maji ya mto, halafu ninyi mnadai kompyuta! Mkutano ukafungwa bila uamuzi. Basi tumeona tuandike maoni yetu hapa ukutani, kila mtu ayasome kabla ya mkutano ujao, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Kwanza, jambo hili siyo geni. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa, siyo hizi za kuweka mezani. Ilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Na fedha za kigeni zilitoka wapi? Zilitoka kwenye katani, pamba na kahawa, yaani jasho la mkulima na mfanyakazi. Ilitakiwa iweke sawa hesabu za serikali. Lakini wataalamu wenyeji walikuwa wachache mno, wageni wakategemewa, na hesabu hazikunyooka kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Hebu tukumbuke ule ulikuwa mwaka gani. Ukame ulikuwa umetupiga, bei ya mafuta imepanda dunia nzima, na serikali inanunua nafaka nje ili watu wasife njaa. Hapa Kigoma wazee wetu walikuwa wamehamia vijijini tangu Operesheni ya mwaka 1972. Na mwaka huohuo wa 1974, kule Musoma, TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate nafasi ya shule ya msingi. Fedha zenyewe kidogo: uwape watoto darasa au ununue mashine? Sisi twasema uamuzi ule ulikuwa wa haki.

Lakini tusidanganyane, ndugu. Marufuku ile nayo ilikuwa na gharama yake. Mlango ulipofunguliwa baadaye, tulikuta wenzetu wametangulia mbali. Tena mashine siyo adui. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio siyo mashine? Ni mashine. Lakini ile ilikuja pamoja na kijitabu, kiongozi wa kikundi na kazi ya kufanya. Ndiyo sababu ilizaa matunda.

Sasa tutazame ya leo. Mwaka 2009 ulianza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo kutoka China. Mkopo ni deni, na deni tunalilipa sote, hata bibi asiye na simu. Katika msimu wa 2022/23 wakulima waliandikishwa kwenye kompyuta ili wapate mbolea ya ruzuku. Nia yake ni njema: mbolea ya mkulima isiliwe na walanguzi. Lakini mkono uliosuguliwa na jembe na kamba za nyavu, alama za vidole zimefutika, mashine inaweza kuukataa. Je, mwenye mkono huo siyo mkulima? Ndiye mkulima hasa!

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunalijua jambo moja. Zamani mchuuzi alichukua madumu saba ya mawese, akaandika sita, nasi tukatia dole gumba. Siku tuliyoweza kusoma namba 6 na namba 7 wizi ule ulikwisha. Haukukomeshwa na kompyuta, ulikomeshwa na chaki na ubao. Asiyeweza kusoma stakabadhi ya mkono hataisoma ya mashine. Ataibiwa vilevile, tena haraka zaidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari likiwa bovu, kompyuta itahifadhi ubovu uleule.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya:

1. Fedha za kwanza za chama zitengeneze pampu ya kisima. Mgonjwa wa kuhara hawezi kukamua mawese.

2. Daftari la chama lifungwe sawasawa, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote.

3. Vijana wawili, msichana na mvulana, wapelekwe kujifunza kwanza. Wakirudi na ujuzi, kompyuta inunuliwe, na kila mwanachama awe na haki ya kusomewa deni na akiba yake.

4. Kwa serikali: inapotangaza fedha za mitambo, itaje papo hapo na fedha za maji, zahanati na madawati, wananchi wapime wenyewe. Mapato na matumizi ya kijiji ni haki yetu kusomewa kila baada ya miezi mitatu. Tusione haya kuuliza.

Vijana msituone washamba. Kompyuta tunaitaka. Ila ije kama redio ile ya 1973, ikiwa na mwalimu na kazi mkononi, na imkute mtoto amekunywa maji safi.

Njooni mkutanoni na maswali yenu. Elimu haina mwisho.

Katibu wa Chama, Ilagala