Zimwi Lako Halitishi, DM. Linaudhi Tu

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: DM wengi wa huku kwetu hawajui kuficha zimwi. Wanajua kuvizia watu. Hivyo ni vitu viwili, na kuchanganya hivyo viwili ndiko kunakoua meza zetu.

Kwa wale ambao hawajawahi kucheza Dungeons & Dragons: DM ndiye msimulizi. Nyinyi wengine kila mmoja ana mhusika wake, mnasema mnafanya nini, dadu inaamua kama mmefaulu. Hakuna skrini, hakuna padi. Kila unachokiona ndani ya hadithi umekiona kwa sababu DM amekitaja. Shika hilo, ndio msingi wa ugomvi wote.

Sasa hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Mnaingia chumba. DM anasema, "Chumba kitupu, kuna sanduku tu." Mtu anafungua. DM anacheka kile kicheko. Sanduku lina meno, kumbe ni mimic, lile dubwana linalojigeuza kitu cha kawaida. Kabla aliyefungua hajasema lolote pointi zake za uhai zimeisha, na DM anatuangalia kama amefunga goli la dakika ya 90. Goli gani bana? Kipa umemfunga kitambaa machoni!

Halafu anajisifu, "Mlishangaa eh?" Hatukushangaa. Tulinyamaza. Si kitu kimoja.

Kiswahili kina neno la mshangao wa kweli, nalo ni "kumbe". Kumbe ndiyo maana yule mzee alikataa kuingia! Kumbe ile harufu! Ukisema kumbe, unakubali kwamba kitu kilikuwa mbele yako, ni wewe hukukiunganisha. Meza ikishangazwa vizuri, itasema kumbe. Ikiviziwa, itasema "aah, si haki", kisha mmoja atatoa simu aanze kuskroli. Hicho ndicho kipimo changu, sina kingine.

Na sisi watu wa Pwani tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa. Nani hajasimuliwa hadithi ya jini wa kike? Kila mtaa una toleo lake. Usiku, mwanamke mrembo kupita kiasi, manukato makali, buibui linaburura chini. Jamaa anafurahi na bahati yake. Njiani mwanga unapiga miguuni: kwato. Angalia hadithi hiyo ilivyojengwa. Kwato hazikuota dakika ile. Zilikuwepo tangu mwanzo, na buibui refu lilikuwa linakwambia kuna kitu chini. Ni wewe ulikuwa unaangalia uso. Ndiyo maana hadithi hii bado inatutisha hata tukiisikia mara ya ishirini. Ingekuwa "alikuwa anatembea, jini likatokea, akafa", nani angeikumbuka?

Au chukua Popobawa. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, wamewasha moto, kwa sababu ya kitu ambacho wengi wao hawakukiona kwa macho. Hofu ilitangulia, ikapita nyumba kwa nyumba kwa mdomo. Zimwi lililofichwa nguvu yake iko kwenye kungojewa. Ukilitoa bila mtu kujua kwamba kuna la kungojea, umetupa sehemu yote tamu na kubaki na hesabu ya dadu.

Najua mtaniambia, "Nikitoa dalili, watajua kila kitu." Twende kwenye baraza lolote la wazee tuangalie bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna hata moja iliyofichwa. Zote ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na bado mzee atakutakata upande mzima uanze kujikuna kichwa ukiuliza ilikuwaje. Kuona si kuelewa. Wape wachezaji wako dalili tatu, watabishana nusu saa na watachagua tafsiri mbovu. Hapo ndipo utamu ulipo!

Wengine watakimbilia kitabu. Sawa, tufungue kitabu. D&D ya kwanza kabisa, ya 1974, ilitumia dadu ya kawaida ya nyuso 6: ikija 1 au 2, mmeshtukizwa. Bahati nasibu. Toleo la 2014 likaweka utaratibu: zimwi linarusha dadu ya kunyata, na namba yake inapimwa na umakini wa kila mchezaji, yaani 10 ukijumlisha alichonacho kwenye karatasi yake. Asiyeligundua anakosa zamu yake ya kwanza yote. Kanuni mpya za 2024 zikapunguza makali: aliyeshtukizwa anarusha dadu mbili za kuamua nani aanze, na anachukua iliyo ndogo. Anachelewa, lakini zamu yake anayo.

Umeona lile neno "kila mchezaji"? Kuna mtu amejenga mhusika wake makusudi awe na macho makali. Angeweza kuchukua upanga mzuri au uchawi wa moto, akachagua macho. Halafu wewe unasema "hamkuona kitu, nyote mmeshtukizwa" bila hata kuuliza namba yake. Umemwibia huyo. Na usiseme vitabu ni ghali. Kanuni za msingi ni za bure, tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, unazipakua kwenye simu ukiwa kwenye foleni ya feri.

Kuna hawa wengine, wakongwe wa YouTube, "zamani D&D ilikuwa ya wanaume, ilikuwa inaua." Mfano wao siku zote ni Tomb of Horrors, kaburi la mitego alilolitunga Gary Gygax, likachezwa kwenye mashindano ya 1975 na kuchapishwa 1978. Ni kweli linaua kikatili. Lakini mwanzoni tu, kwenye sakafu ya ile njia ya kuingilia, kuna maandishi ya fumbo yanayokupa vidokezo vya mbele. Hata kaburi katili kuliko yote lilikuachia ujumbe mlangoni. Wewe umeacha nini?

Na tukitaka kutazama zamani, tutazame na uchafu wake. Wachezaji walizoea kutega sikio mlangoni kabla ya kuingia. Kitabu cha madubwana cha 1977 kina mdudu anayekaa kwenye mbao za mlango na kumwingia sikioni anayesikiliza. Fikiria hiyo. Mtu anaadhibiwa kwa kuwa mwangalifu! Tabia hiyo matokeo yake tunayaona mezani mpaka leo: wachezaji wanachoma kila sanduku kwa mkuki, wanarushia mawe kila kiti, dakika arobaini kwenye ukumbi mmoja. DM analalamika, "Mbona mnaogopa kila kitu?" Si wewe umewafunza kwamba kila kitu kinauma na hakuna kinachoonya?

Utetezi wa mwisho, na huu ndio wenye sauti kubwa: "Maisha ya kweli hayana dalili. Nyoka anakugonga tu." Ndugu yangu, nyoka wa kweli hakuwekwa na mtu aliyekualika kwake wikendi. Na kwenye maisha ya kweli mimi nina macho yangu, masikio yangu na pua yangu. Mezani sina. Macho yangu ni mdomo wako. Ukinyamaza, zimwi halikujificha kwa ustadi wowote. Ni wewe umenifumba macho, kisha ukanicheka kwa kutoona.

Sasa ukitaka kuficha zimwi kiutu uzima, fanya hivi.

Kwanza, badilisha kitu cha kawaida. Tuseme wahusika wanapita kwenye mikoko, maji yamekupwa. Kila mtoto wa huku anajua tope la mikoko maji yakitoka linavyojaa kaa. Waambie tope liko wazi, hakuna kaa hata mmoja. Usieleze. Endelea mbele: ndege kimya. Halafu mtumbwi umepinduliwa, una mikwaruzo, na mikwaruzo iko upande wa ndani. Basi. Zimwi likitoka kwenye matope, hakuna atakayesema umemwonea.

Pili, andika namba za umakini za watu wote kabla ya mchezo, uziweke karibu yako. Ukisema ghafla "rusheni dadu ya umakini", hata wakishindwa washajua kuna kitu, na sasa wanaigiza hawajui. Linganisha kimyakimya, kisha mpe mwenye macho makali kile alicholipia: "Wewe peke yako umeona maji yamesogea."

Tatu, pigo la kwanza lichukue kitu, lisichukue mtu. Zimwi liondoke na taa, na kamba, na punda aliyebeba chakula. Hapo wana hofu na hasira, na bado wana zamu.

Nne, haki iende pande zote. Wachezaji wako wakipanga kuwavizia majambazi na dadu zikakubali, usije ukasema ghafla kwamba majambazi "walikuwa tayari." Ukifanya hivyo hata mara moja, hakuna atakayekuamini tena.

Mbona nakasirika hivi kwa mchezo? Kwa sababu meza zenyewe ni za kuhesabu. Msichana anatoka Likoni, anavuka feri, anapanda matatu mpaka Kisauni, kwao ameshagombana na mamake kuhusu "michezo ya majini". Amekaa juzi mbili kumtunga mhusika wake, kampa jina, kampa na nyanya anayemtafuta. Dakika ya kumi, sanduku linamla. Saa tatu zilizobaki anaangalia wengine wakicheza, kisha anapanga foleni ya feri usiku. Unadhani Jumamosi ijayo atarudi? Harudi, na wenzake darasani atawaambia ni mchezo wa watu wanaojiona. Vijana wa Changamwe wanaotaka kuanzisha meza yao watakosa mtu wa nne, wewe utabaki na marafiki zako wale wale wawili, mkilalamika ati Mombasa haina watu wa D&D.

Watu wapo. Wanafukuzwa, sanduku moja kwa moja.

DM anaweza kuua kila mtu sekunde yoyote, hilo halihitaji akili. Akitaka, dari inaanguka, mchezo kwisha. Kazi ngumu ni kuwafanya watu watano waone hatari, waisogelee kwa miguu yao wenyewe, halafu wapige kelele "kumbe!" mpaka jirani agonge ukuta.

Wikendi hii lifiche zimwi lako unavyotaka. Lakini acha kwato zionekane.