KAPTENI ASIYEULIZWA NA DAMU YA AGOSTI



Kila apitaye Mji wa Kale wa Mombasa huiona Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Wageni huonyeshwa mizinga. Ni wachache waelezwao habari za Yusuf bin Hasan, ambaye maisha yake ni onyo kwa kila taifa lenye watawala wasioulizwa.

Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa hila ya Wareno. Mtoto alipelekwa Goa kulelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa awe mfalme. Ufalme huo ulikuwa wa jina tu, kwani mwenye amri alikuwa kapteni. Pedro Leitão de Gamboa alipomdhulumu, hapakuwa na hakimu Mombasa wa kumwita kapteni ajibu. Na iliposemwa kwamba mfalme ameonekana akisali kwa Kiislamu penye kaburi la babake, alijua kinachomngoja.

Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Je, haki ilipatikana? La hasha! Waliofuata kuuawa ni mapadre, wanawake na watoto, Wareno kwa Waafrika, waliokataa kuikana imani yao. Mwaka 1632 mfalme aliihama ngome, akawa haramia baharini, akafa mwaka 1638. Nao Wareno wakalipiza kisasi: maandishi juu ya lango la ngome yangali yanajivunia kuuawa kwa wakuu wa Pemba.

Wako wasemao kwamba hiyo ilikuwa vita ya dini. Hebu tujiulize: kapteni alipomdhulumu, je, huyu hakuwa Mkristo mwenzake? Ubatizo haukumkinga na dhuluma, kwa kuwa dhuluma haina dini.

Wako pia wasemao kwamba hayo ni ya kale. Agosti 1997, ng'ambo ya kivuko, huko Likoni, manung'uniko ya kweli juu ya ardhi na kazi yaligeuzwa na siasa kuwa mapanga. Walioumia hawakuwa wakubwa walioigawa ardhi, bali majirani maskini waliotoka bara, na wengi walikimbilia uwanja wa kanisa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Basi tusimtafute mfadhili mwema wa kutuwekea kapteni mpole. Tunayo Katiba ya mwaka 2010, iliyopatikana kwa jasho na damu. Lakini katiba isiyotumiwa ni karatasi. Aliyenyang'anywa shamba aandike malalamiko yake na kuyafikisha mahakamani, na sisi, wa kanisani na wa msikitini, tusimame naye mpaka asikizwe. Tukimwacha peke yake leo, kesho atasikizwa na mchochezi.