KALENDA YA OFISI SI MALI YA MTU MMOJA

Upo ugonjwa katika ofisi za umma ambao haupigiwi kelele kama rushwa wala wizi wa dawa, lakini unawagharimu wananchi siku hata siku. Ni ugonjwa wa ratiba ya ofisi kukaa katika shajara ya mtumishi mmoja, au siku hizi katika simu yake ya mkononi. Mtumishi huyo akiugua, akienda likizo au akihamishwa, ofisi nzima hubaki kama kundi la ng'ombe lililopotelewa na mchungaji.

Binza, mkoani Simiyu, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili, kwa sababu huko tarehe si pambo la ukutani. Mkoa huo, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza na kuwekewa makao makuu Bariadi, ni mkoa wa pamba, na pamba ina tarehe zake. Shamba hutayarishwa kabla ya mvua. Mbegu husiwa mvua za mwisho wa mwaka zinapotulia. Dawa hupigwa kabla funza hawajamaliza vitumba, wala si baadaye. Mavuno yakiisha, mabua hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasipate pa kujificha mpaka msimu mwingine. Mkulima aliyekosa siku ya kugawiwa mbegu kwa sababu aliyeijua tarehe alikuwa safarini hatapewa na mvua siku nyingine.

Tarehe za utawala nazo ni haki ya wananchi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, nayo hukutana kila mwezi. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hiyo ni mikutano 16 kwa mwaka katika kijiji kimoja, kabla ya kuhesabu vikao vya kamati, siku za chanjo ya watoto na ziara za maofisa wa wilaya. Mwenyekiti huchaguliwa na wananchi. Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu, huajiriwa na halmashauri ya wilaya, na yaweza kumhamisha wakati wowote. Basi ni busara gani kuziweka tarehe hizo zote katika mfuko wa mtu ambaye kesho anaweza kupewa barua ya uhamisho?

Mtu akihama na kiti cha ofisi, ataitwa mwizi. Akihama na kalenda ya ofisi, huagwa kwa chai na hotuba. Mrithi wake huanza kuulizauliza kama mgeni aliyeshuka kituo asichokijua: kikao kilipangwa lini, nani alialikwa, mgogoro wa mpaka ulipewa tarehe gani. Wanaolipa gharama ya maulizo hayo ni wananchi waliotembea kwa miguu na kuambiwa warudi wiki ijayo.

Lakini si uzembe peke yake unaoulea ugonjwa huu. Anayezishika tarehe peke yake huwashika na watu. Anaweza kuusogeza mkutano bila kuulizwa, au kuuitisha kwa ghafla siku ya mnada ili wahudhurie wachache na hesabu za mapato na matumizi zipite bila maswali. Huo ni umangimeza wa kujificha. Cheo ni dhamana, na kalenda ya cheo ni sehemu ya dhamana hiyo.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Kalenda ifunguliwe kwa jina la ofisi, wala si kwa jina la mtumishi. Pale penye kompyuta au simu zenye intaneti, itumike anwani ya barua pepe ya ofisi, kwa maana kikao kilichoandikwa katika akaunti ya mtu binafsi hupotea akaunti hiyo inapofungwa. Haki ya kuandika na kufuta itolewe kwa vyeo visivyopungua viwili, na kila mwenye cheo aingie kwa nenosiri lake. Siku anapokabidhi ofisi, haki hiyo ifutwe na kupewa mrithi wake, na jambo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na mihuri na funguo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Namba 3 ya mwaka 2002 ilikwisha kuweka misingi ya kutunza kumbukumbu za umma. Ratiba ya ofisi isichukuliwe kuwa kitu cha kando.

Saa nazo ziangaliwe. Saa nne asubuhi ya Kiswahili ni saa 10:00 katika mashine. Mwandishi asiye makini atakayeandika 4:00 atakuwa amewaita wajumbe kikaoni saa kumi za alfajiri.

Wapo watakaosema kwamba vijijini mtandao haupatikani kila mahali. Hiyo si sababu, ni kisingizio. Ubao wa matangazo mbele ya ofisi, wenye safu ya siku, saa, mahali na shughuli, ni kalenda ya wote, nao hauhitaji umeme. Hata penye mtandao ubao huo ubaki, maana si kila mkulima ana simu ya kisasa.

Wapo pia watakaotaja siri. Siri za kweli zitunzwe: ugonjwa wa mtumishi au shauri la ndoa si vya kubandikwa ubaoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watu katika mambo kama hayo. Inatosha kuandika kwamba ofisa fulani hatakuwapo na nani anakaimu. Lakini tarehe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji haijapata kuwa siri, na anayeifanya siri aulizwe anaficha nini.

Jambo hili si ugeni ulioletwa na mashine. Wazee waliitazama Kilimia, kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kulima, wakajua majira ya jembe. Kalenda hiyo ilitundikwa angani, tajiri na maskini wakaisoma sawa. Hakuna mtemi aliyeikunja akaitia mfukoni, wala hakuna aliyehama akaondoka nayo.

Halmashauri za wilaya hazina budi kuagiza kwamba hakuna mtumishi atakayepokewa kituo kipya kabla hajakabidhi kalenda ya kituo cha zamani. Watendaji nao wasingoje agizo. Wananchi, kwa upande wao, waingie ofisini kwao na kuuliza swali moja tu: mkutano ujao ni lini? Kama jibu ni kwamba anayejua hayupo, basi ofisi hiyo bado haijawa ya wananchi.