Karo ya Chuo Kikuu: Tupige Hesabu Kabla ya Kuuza Shamba



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa K.C.S.E. yakisha kutangazwa, ofisi yetu ya tawi hujaa wazee na akina mama wenye barua mikononi. Barua hizo zatoka vyuo vikuu vya watu binafsi, nazo zasema mtoto amepata nafasi, basi alete karo. Mzazi hutuuliza neno moja tu: "Nikope, au nisikope?" Leo twapenda kulijibu neno hili mbele ya wote.

Kwanza, mtu asiseme kwamba chama chapinga elimu. Mwaka 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ilipokwenda Marekani, aliyekuwa mbele katika kazi hiyo alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kenya. Watu wa kawaida walichanga shilingi zao ili watoto wale wasafiri. Kwa hiyo wafanya kazi wa nchi hii walikwisha onyesha zamani kwamba wajua thamani ya masomo. Lakini kuthamini kitu si kukinunua bila kuuliza bei. Sisi tunaobishana na tajiri miezi mitatu kwa ajili ya nyongeza ya shilingi mia tano, yafaa pia tubishane na karatasi ya karo.

Haya, tupige hesabu. Huu ni mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme karo ni Sh. 180,000/- kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni Sh. 720,000/-. Chumba, nauli na chakula ni Sh. 10,000/- kwa mwezi, kwa miezi 9 ya kila mwaka, nayo yafika Sh. 360,000/-. Wazazi wengi huishia hapo. Lakini iko gharama ya tatu isiyoandikwa katika barua yo yote, nayo ni mshahara ambao kijana angaliupata kama angalikuwa kazini. Akikosa Sh. 15,000/- kwa mwezi kwa miaka 4, ni Sh. 720,000/- nyingine. Jumla ya yote ni Sh. 1,800,000/-.

Sasa tutazame upande wa pili. Tuseme mwenye digrii alipwa Sh. 45,000/-, na fundi mwenye cheti Sh. 30,000/-. Tofauti ni Sh. 15,000/- kwa mwezi, yaani Sh. 180,000/- kwa mwaka. Gawanya, utaona fedha zitarudi baada ya miaka 10. Aliyeingia akiwa na miaka 19 atakuwa na miaka 33. Na hiyo ni kama atapata kazi siku ile ile aliyovaa joho. Akikaa miaka 2 nyumbani, na tukihesabu kila mwezi hasara ya Sh. 15,000/- zile zile, gharama yapanda hadi Sh. 2,160,000/-, na miaka 10 yageuka kuwa 12. Lakini tofauti ya mshahara ikiwa Sh. 30,000/-, fedha zarudi kwa miaka 6, na biashara hiyo ni njema. Basi jibu halitoki katika neno "chuo kikuu", latoka katika kazi anayoisomea.

Liko na jambo la mkopo. Ukichukua Sh. 300,000/- katika chama cha akiba na mikopo, kwa faida ya asilimia 1 kila mwezi juu ya deni linalobaki, ukalipa kwa miezi 36, faida peke yake ni Sh. 55,500/-. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, ni nafuu zaidi, maana faida yake imekuwa asilimia 4 kwa mwaka. Lakini mwenye kukaa bila kulipa hutozwa faini ya Sh. 5,000/- kila mwezi, na wengi wamelemewa na faini kuliko deni lenyewe. Tena tusidanganyane. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilipeleka wanafunzi katika vyuo vya watu binafsi na kuahidi kuwalipia. Mpango wa mwaka 2023 ulipokuja, wanafunzi wapya wa vyuo hivyo hawakupewa tena ufadhili huo. Mzigo umerudi mabegani mwa mzazi.

Tutawaeleza lililotupata sisi wenyewe. Mwenzetu mmoja, dereva wa lori, alimkopea binti yake, nasi watatu tukamdhamini. Mtoto alikuwa hodari. Alipofika mwaka wa tatu, kampuni ikapunguza watu, na baba yake akawa mmoja wao. Karo ikakatika, na makato ya deni yakahamia katika mishahara yetu sisi wadhamini. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hatumlaumu, maana alitaka mema. Lakini binti yule yuko nyumbani, hana digrii wala ufundi. Tulijifunza kwamba nusu ya digrii haina bei sokoni. Mwenye kuanza asiulize tu kama ana karo ya mwaka wa kwanza, aulize kama anayo ya mwaka wa nne.

Pia tuvitendee haki vyuo hivi. Vingine vina jina zuri, na mwanafunzi humaliza kwa wakati. Katika vyuo vya Serikali walimu waligoma mwaka 2017 na tena mwaka 2025. Hatuwalaumu, walidai haki yao kama sisi tudaivyo yetu, lakini mwanafunzi hupoteza miezi. Vyuo vingine vina masomo ya jioni na ya Jumamosi, na mfanya kazi aweza kusoma bila kuuacha mshahara. Huyo ameifuta ile gharama ya tatu.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kabla hujatia sahihi, uliza mambo manne. Je, chuo chatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Je, bodi ya kazi yenyewe, kama ile ya wahandisi au ya wauguzi, yakubali cheti cha somo hilo? Je, waliomaliza miaka miwili iliyopita wafanya kazi gani leo? Je, gharama zote hadi siku ya mwisho ni ngapi, pamoja na ada ya mtihani na ya kuhitimu? Chuo kisichotaka kujibu kimekwisha jibu. Na usidharau chuo cha ufundi. Mwaka 2018 karo ya vyuo vya ufundi vya Serikali iliwekwa kuwa Sh. 56,420/- kwa mwaka, na sehemu yake ililipwa na Serikali. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini kosa si la mzazi peke yake. Matajiri huomba digrii kwa kazi ya kuandika majina langoni, kisha hulipa mshahara wa kibarua. Na fundi aliyefaulu mtihani wa ufundi daraja la kwanza hupitwa na kijana asiyejua kushika spana, kwa sababu ya karatasi. Maadamu mambo ni hivyo, wazazi wataendelea kuuza mashamba. Kwa hiyo twataka halmashauri, katika mkataba ujao, idai mambo mawili: mfuko wa masomo kwa watoto wa wafanya kazi, na ngazi ya mshahara inayomheshimu mwenye ufundi sawa na mwenye digrii.

Mwanachama mwenye barua ya chuo mkononi aje ofisini kabla ya kwenda kukopa. Alete na kalamu, tupige hesabu pamoja. Mtoto ni wako, lakini deni, ndugu, mara nyingi huwa letu sote.

Umoja ni nguvu.